Shibiri Mbili

Mama hupima kwa mkono.
Tangu sukari imle macho, mwaka wa tatu huu,
kiganja chake ndicho kibaba, ndicho rula, ndicho taa.
Mchele: viganja vinne, na cha mgeni kimoja.
Nywele zangu: shibiri tatu na nyanda mbili.
Huzipima kila Alhamisi kabla ya kunisuka
na huniambia, "Zimeongeza, Barke,"
kana kwamba nimelipwa mshahara.

Mimi nataka kupima kwa kioo.
Nilikiona siku walipokuja wale wa wizara
kupima kiwanja cha skuli kule Wiyoni:
chombo cha miguu mitatu na jicho moja,
na msichana wa rika langu, mikono ya buibui ameikunja,
anataja namba, na mwanamume mzima anaziandika.
Aliniruhusu nichungulie.
Niliona mnazi wa mbali umenaswa kwenye nyuzi mbili,
kimya, umekubali kuhesabiwa.
Usiku ule sikulala.

Barua imekuja kwa simu. Nimeisoma chooni
maji ya birika yakidondoka, nimeisoma mara tisa.
Diploma, Upimaji wa Ardhi. Fika tarehe kumi na nne
na vyeti asili, na godoro.
Godoro! Neno hilo ndilo lililoniliza.
Kwetu magodoro ni mawili: lake,
na langu lililo sakafuni ubavuni mwake,
ili akigeuka nijue.

Shangazi Mwanakheri ameshapata habari. Nani alimwambia?
Vichochoro vyetu vyembamba, siri haipiti
bila kukwaruza kuta zote mbili.
"Nti haifi, mwanangu," akasema. "Mamako je?"
Nilimmiminia kahawa.

Kaka Famau alinijibu kwa ujumbe wa sauti kutoka Malindi,
mtoto wake akilia nyuma ya maneno:
"Wewe ndiye uliye karibu."
Karibu ni kipimo gani? Kina nyanda ngapi?
Mbona nimekabidhiwa peke yangu?

Nisidanganye. Kuna asubuhi namchoma sindano
na moyo wangu uko Wiyoni, nyuma ya kioo,
na mkono unakuwa mzito kidogo.
Hashtuki. Hukipapasa kidole kilichoshika bomba,
akasema, "Mato yangu ni wewe."
Dua ile, au kufuli?
Kuna siku natamani angenitukana.

Jana nilinunua kamba dukani kwa Skanda, pima kumi.
Nikafunga fundo moja penye kitanda,
mawili penye mlango wa msana,
matatu penye birika, manne jikoni,
matano pale ngazi ilipomeguka.
Nikaipigilia ukutani, chokaa ikinimwagikia kifuani,
usawa wa nyonga yake,
maana nyonga yake naijua kuliko yangu.
Nilimwambia ni ya kuanikia nguo.

Saa nane usiku kitanda kilikuwa kimya mno.
Nikasikia kiganja kikitembea juu ya kamba,
kikituama penye kila fundo
kama kidole cha mtoto wa chuoni kwenye juzuu.
Birika. Jikoni. Ngazi.
Kisha hakuna kitu, muda mrefu.
Kisha mahali pasipo kamba:
chokaa, chokaa, mbao.

Sikuinuka. Mungu anisamehe,
nilikuwa nahesabu hatua zake.

Alirudi, akakaa ukingoni mwa kitanda,
akanivuta kichwa magotini,
akazipima nywele zangu, na haikuwa Alhamisi.
"Kamba yako ya nguo," akasema,
"haifiki mlango wa nde.
Imepungua shibiri mbili."

Akanyamaza, akazifumua nywele zote.

"Na wewe wataka kupima nti."